Mtutu mpana, mtutu wa saizi sawa au mtutu unaobana: upi utakupa kasi isiyoyumba?

Piga vidonge kumi vya rangi mfululizo kutoka bunduki ya peintiboli, mchezo wa kulengana kwa vidonge hivyo, mbele ya kipima kasi bila kugusa skrubu yoyote. Hutapata namba moja mara kumi. Utaona 283, kisha 277, kisha 286, kisha 268, zote futi kwa sekunde, ilhali bunduki ni ileile na mtungi wa hewa ni uleule. Wachezaji wengi wa peintiboli wakiona hivyo hukimbilia regulata (kidhibiti shinikizo la hewa) au bolti (kipande kinachosukuma kidonge mtutuni). Mimi nakushauri uanze na kitu rahisi zaidi kubadilisha: jinsi kidonge kinavyokaa ndani ya mtutu.

Kinaweza kukaa kwa namna tatu. Katika mtutu mpana, tundu la ndani ni kubwa kuliko kidonge, na ukikitumbukiza kinapita chenyewe hadi upande wa pili. Katika mtutu wa saizi sawa, kidonge kinagusa kuta bila kukazwa, na pumzi moja ya mdomo inatosha kukitoa. Katika mtutu unaobana, tundu ni dogo kidogo kuliko kidonge, hivyo kidonge hufinywa kinapoingia na hubaki kimefinywa mpaka kinapotoka kwenye sehemu hiyo nyembamba.

Nitasema mapema ninakoegemea ili usome ukijua. Kwa mtu anayetumia vidonge vipya na hewa iliyoshindiliwa, mtutu unaobana kidogo ndio chaguo bora, na unawashinda wenzake kwa sababu ambayo wengi hawaifikirii. Mtutu wa saizi sawa una sifa kubwa kuliko kazi yake. Mtutu mpana una mahali pake, ingawa mahali penyewe ni padogo.

Kwanza, kidonge chenyewe

Namba iliyoandikwa kwenye boksi, inchi 0.68, ni jina la kundi tu. Kwa milimita ni 17.27, lakini vidonge vinavyouzwa kwa jina hilo huanzia chini kidogo ya hapo na kufika 17.5. Ganda ni la jelatini, ndani mna polietilini glikoli iliyotiwa rangi, na uzito wote unakaribia gramu 3. Mashine hukutanisha kanda mbili za jelatini kati ya roli mbili zinazozunguka, huku kimiminika kikidungwa katikati yake, ndiyo maana kila kidonge kina mshono kiunoni. Pima kipenyo kwenye mshono, kisha pima kwa kuuvuka mshono, na mara nyingi utapata namba mbili. Hata kidonge kimoja, basi, hakina kipenyo kimoja.

Halafu jelatini hunywa unyevu. Mfuko uliofunguliwa asubuhi yenye ukavu na kuachwa wazi mpaka hewa ijae unyevu hauna tena vidonge vile vya asubuhi. Vimevimba na kulainika, na vikikaa muda mrefu bila kugeuzwa hupata ubapa upande mmoja. Kwenye baridi mambo hugeuka: ganda hukakamaa na kuvunjika kwa mguso ambao siku ya joto lingeuvumilia.

Saizi hii ya 0.68 tumeirithi kutoka kazi nyingine kabisa. Bunduki ya Nelspot 007, iliyotengenezwa na Daisy kwa ajili ya kampuni ya rangi ya Nelson, ilikusudiwa kuweka alama kwenye miti na ng'ombe. Watu 12 ndio walioitumia katika mchezo wa kwanza kule Henniker, New Hampshire, mwezi Juni 1981. Anayepaka alama mti ulio hatua chache mbele yake hana sababu ya kuuliza kama kidonge cha pili kitaruka kwa kasi ya cha kwanza. Swali hilo lilikuja na mchezo, pale mti ulipoanza kukimbia na kujificha.

Mitutu inayouzwa leo kwa vidonge hivi ina vipenyo vya ndani kuanzia takriban inchi 0.675 hadi 0.695. Ubishi wote wa saizi za mitutu uko ndani ya nusu milimita. Ni kidogo mno kwa jicho, lakini kwa hewa ni kingi.

Hewa inapopita pembeni

Vali ikifunguka, hewa husukuma kidonge kutoka nyuma. Ili kifikie futi 280 kwa sekunde, yaani mita 85 hivi, ndani ya sentimita 25 za mtutu, kinahitaji kusukumwa kwa wastani wa nyutoni zaidi ya 40. Hewa yoyote inayopenya kati ya kidonge na ukuta haisukumi kitu. Kama kiasi kinachopenya kingekuwa kilekile kila mara, usingekuwa na tatizo: ungeongeza shinikizo kidogo na kuendelea. Tatizo ni kwamba kiasi hicho hubadilika kutoka kidonge hadi kidonge.

Chukua mfuko mmoja wenye vidonge vya inchi 0.680, 0.684 na 0.688. Kati ya kidogo na kikubwa kuna milimita 0.2 tu, na mfuko wa namna hiyo si wa ajabu. Sasa vipitishe kwenye mitutu mitatu na upige hesabu ya eneo la mwanya unaobaki pembeni, kwa milimita za mraba:

| Kidonge | Mtutu 0.679 | Mtutu 0.684 | Mtutu 0.692 |
|---|---|---|---|
| 0.680 | 0, kinabanwa kidogo | 2.8 | 8.3 |
| 0.684 | 0, kinabanwa | 0, kinagusa tu | 5.6 |
| 0.688 | 0, kinabanwa zaidi | 0, kinabanwa | 2.8 |

Soma safu ya mwisho kwanza. Katika mtutu mpana kila kidonge kinavujisha, na kile kidogo kinavujisha mara tatu ya kile kikubwa. Mwanya wa milimita za mraba 5.6 ni sawa na tundu la duara lenye upana wa milimita 2.7. Fikiria bunduki yenye tundu nyuma ya kidonge, tundu ambalo hujitanua na kujifinya kila unapovuta kifyatulio. Hiyo ndiyo unayoiomba ikupe kasi moja.

Safu ya katikati ndiyo iliyonibadilisha mawazo kuhusu mtutu wa saizi sawa. Umepima kidonge, ukachagua mtutu unaolingana nacho kabisa, na unaona umefanya kazi safi. Lakini ulipima kidonge kimoja. Katika mfuko, vile vilivyo vidogo kuliko hicho vinavujisha na vile vilivyo vikubwa vinabanwa. Umeuweka mpaka kati ya kuvuja na kuziba katikati kabisa ya mfuko wako, kwa hiyo bunduki inafanya kazi kwa namna mbili tofauti, ikibadilisha kila kidonge kinapokuja.

Safu ya 0.679 haina mwanya hata mmoja. Vidonge bado vinatofautiana kwa ukubwa, na msuguano wa kikubwa unazidi wa kidogo, ila vyote vimeziba. Tofauti inayobaki ni ya msuguano peke yake, na kwenye mtutu uliong'arishwa vizuri msuguano ni mdogo ukilinganisha na zile nyutoni 40 za msukumo.

Hesabu hii inachukulia kidonge kuwa tufe kamili, na tayari tumeona kwamba sivyo. Pia kidonge hufinyika chini ya mwendo huo mkali, unaozidi mara elfu moja ya mvutano wa dunia. Mwanya halisi hautafuata jedwali hadi nukta ya mwisho. Mpangilio wake, hata hivyo, ndio huohuo unaouona kwenye kipima kasi.

Mtutu mpana

Sifa yake kubwa ni uvumilivu. Vidonge vilivyovimba, vyenye ubapa au vilivyokaa stoo muda mrefu hupita bila kupasukia ndani. Ndiyo sababu mitutu ya bunduki za kukodisha huwa upande huu, karibu na 0.690: anayekodisha hawezi kujua kila mteja atapewa vidonge vya hali gani, na kidonge kilichopasukia mtutuni huharibu vile vyote vinavyofuata mpaka upitishe kifutio cha kusafishia mtutu. Ukiwa na vidonge vya namna hiyo na huna vingine, mtutu mpana ni uamuzi wa busara.

Gharama yake ni tatu. Ya kwanza ni kasi inayoyumba, kama tulivyoona. Ya pili ni hewa: ili kupata kasi ileile unalazimika kuongeza shinikizo, na mtungi unaisha mapema. Ya tatu hutajwa mara chache, nayo ni mahali kidonge kinapokaa kabla ya kupigwa. Kishikizi cha kwenye chumba cha bunduki huzuia kidonge kisiteleze mbele. Kishikizi kikichakaa, au ukiinamisha bunduki huku ukikimbia, kidonge ambacho hakijashikwa na mtutu huteleza sentimita kadhaa kabla hewa haijakifikia. Hapo kasi hushuka ghafla, na pengine kidonge huanguka nje kabisa ukapiga hewa tupu.

Kwenye bunduki ambazo bolti yake hubaki nyuma hadi uvute kifyatulio, kama Automag au Tippmann 98, shida hii ni ndogo, kwa kuwa kidonge hungoja nyuma ya kishikizi. Kwenye zile ambazo bolti imeshafunga na kidonge kimeshasukumwa mtutuni kikisubiri, kama Autococker na bunduki nyingi za kukokwa kwa mkono, mtutu wenyewe ndio unaokishika. Mwenye bunduki ya namna hiyo asiuguse mtutu mpana kabisa.

Mtutu wa saizi sawa

Hapa ndipo mafundisho mengi ya zamani yalipo. Kipimo chake kinajulikana: toa mtutu kwenye bunduki, hakikisha bunduki haina hewa, weka kidonge upande wa nyuma. Kikiporomoka chenyewe, mtutu ni mpana. Kikikaa halafu kikatoka kwa pumzi fupi, ni sawa. Kikigoma kutoka hata ukipuliza kwa nguvu, kinabanwa. Fanya hivyo kwa vidonge vitano au sita, siyo kimoja, na uvigeuzegeuze ili mshono uelekee pande tofauti. Mara nyingi utakuta viwili vinaporomoka, viwili vinakaa, kimoja kinagoma. Jibu hilo lenyewe linakuambia ulichonacho mfukoni, tena vizuri kuliko kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, kwa sababu taya za kalipa hukibonyeza kidonge na kukudanganya.

Faida za saizi sawa ni za kweli. Kidonge hakitelezi mbele, hakifinywi sana, na hewa inayopotea ni kidogo kuliko kwenye mtutu mpana. Ukiwa na vidonge vya daraja la juu vinavyokaribiana sana kwa ukubwa, matokeo yake yanapendeza. Mwenye bunduki ya kukokwa kwa mkono, anayepiga kidonge kimoja kimoja na kukichagua, ana kila sababu ya kubaki hapa.

Kinachonikwaza ni kazi ya kuufuata. Saizi sawa ya saa mbili asubuhi si saizi sawa ya saa tisa alasiri ikiwa unyevu umebadilika, na boksi jipya linaweza kuanza upya ubishi wote. Ndiyo maana wanaoshikilia njia hii hubeba seti nzima ya vipenyo. Mabomba ya ndani ya Freak (mirija inayoingizwa mtutuni ili kubadilisha kipenyo chake), kwa mfano, yamekuwa yakiuzwa kwa ngazi za 0.679, 0.682, 0.684, 0.687, 0.689, 0.691, 0.693 na 0.695. Ni vifaa vizuri. Lakini mchezaji anayebadilisha bomba kila baada ya mchezo anakimbiza kitu kinachosogea, na akikishika, bado nusu ya mfuko iko upande mmoja wa mpaka na nusu upande mwingine.

Mtutu unaobana

Kubana kunakofaa ni kudogo: kati ya elfu mbili na elfu tano za inchi chini ya kidonge cha kawaida cha mfuko, yaani kama milimita 0.05 hadi 0.13. Lengo ni kwamba hata kidonge kidogo kuliko vyote mfukoni kiwe kikubwa kuliko tundu. Ukishafika hapo, kuzidi kubana hakukuongezei muhuri wowote, kunaongeza msuguano na hatari tu.

Faida ya kwanza nimeshaieleza. Ya pili ni kwamba mtutu mmoja unahudumia vidonge vya aina nyingi. Bomba la 0.680 litabana vidonge vya 0.684 leo na vya 0.687 kesho, na siku zote mbili vitaziba. Badala ya kuufuata mfuko, umeuacha mfuko uje kwako. Ya tatu ni hewa: shinikizo lilelile linatoa kasi kubwa zaidi.

Hiyo ya tatu ina sharti, na sharti lenyewe ni la usalama. Ukihama kutoka mtutu mpana kwenda unaobana, kasi hupanda bila wewe kugusa chochote. Bunduki iliyokuwa chini ya kikomo asubuhi inaweza kukivuka kwa sababu tu umebadilisha bomba la ndani. Viwanja vingi vya nje haviruhusu zaidi ya futi 300 kwa sekunde, na vingi huweka kikomo chini ya hapo. Ukibadilisha mtutu, rudi kwenye kipima kasi kabla ya kurudi mchezoni, kila mara, hata kama tofauti ni ya ngazi moja. Walio mbele yako wamevaa barakoa iliyopimwa kwa kasi fulani, siyo kwa kasi unayoikisia.

Hasara yake ni kupasuka. Ganda kavu, ganda lililozeeka na ganda lililopigwa na baridi havipendi kufinywa. Siku ya baridi kali mtutu huu unaweza kugeuka adhabu, na ukiona vidonge viwili vimepasukia ndani bila sababu nyingine, panda ngazi moja au mbili. Kabla ya kuulaumu mtutu, lakini, kagua kingo: mahali nusu ya nyuma inapoungana na ncha, kama mtutu ni wa vipande viwili, na mahali bolti inapokisukumia kidonge ndani. Kingo kali au kiungo kisichonyooka hupasua vidonge katika mtutu wa saizi yoyote, ila mtutu unaobana ndio wa kwanza kuliweka wazi kosa hilo.

Uchafu nao una uzito zaidi hapa. Tone la rangi lililokaukia kwenye mtutu mpana huenda lisiguswe. Kwenye unaobana kila kidonge kitalipitia. Uwe na kifutio karibu.

Kasi moja inakununulia nini

Wachezaji huahidiwa mambo makubwa kuhusu mitutu, kwa hiyo napenda kuweka vipimo mezani. Kidonge cha gramu 3 kikipigwa usawa kwa futi 280 kwa sekunde hupoteza karibu nusu ya kasi yake kwenye mita 30 za kwanza kwa sababu ya hewa, na hushuka takriban mita moja. Kiwango cha kushuka hupungua kadiri mraba wa kasi unavyoongezeka. Kwa hiyo bunduki inayoyumba kati ya 270 na 290 itatawanya vidonge kwa kama sentimita 14, juu na chini, kwenye umbali huo. Ile inayoyumba kati ya 277 na 283 itatawanya kwa sentimita 4 hivi. Tofauti ya sentimita kumi ndiyo inayoamua kama unapiga ukingo wa barakoa inayochungulia au unapiga kizuizi kilicho chini yake.

Hiyo ni ya juu na chini. Ya kulia na kushoto ni habari nyingine. Tufe lenye mshono, lisilo la mviringo kamili na lenye kimiminika ndani hupata mzunguko wa bahati nasibu linapotoka, na mzunguko huo hulipinda njiani. Mtutu hauwezi kuliondoa hilo, uwe mpana, sawa au unaobana. Kwenye mita 30 kosa hilo la kidonge chenyewe huzidi kwa mbali zile sentimita 4, na kwa vidonge duni huzidi hata zile 14. Ndiyo maana ukiniuliza pesa iende wapi kwanza, kati ya seti ya mitutu na vidonge bora, nitakuambia vidonge.

Kuna faida nyingine ya kasi isiyoyumba ambayo naiona inapuuzwa. Kikomo cha uwanja hukihusu kidonge chako cha kasi kuliko vyote. Tuseme kikomo ni 280. Bunduki inayoyumba kwa 12 juu na 12 chini lazima uiweke kwenye wastani wa 268, na vile vya chini vitatoka kwa 256. Bunduki inayoyumba kwa 3 unaiweka 277. Kwa sheria ileile, mwenye bunduki tulivu anapata masafa marefu zaidi kwa halali.

Ukiwa kwenye kipima kasi

Kulinganisha mitutu kwa kukumbuka siku ilivyoenda hakufai. Chukua vidonge vya mfuko mmoja, piga kumi kwa kila mtutu, ukiacha sekunde chache sawa kati ya kimoja na kingine, na uandike zote. Usitazame wastani, kwa kuwa wastani unarekebishwa kwa skrubu. Tazama umbali kati ya kubwa na ndogo. Chini ya 10 ni vizuri sana, na ikizidi 20 kuna kazi ya kufanya.

Namna namba zinavyotawanyika inasema mengi. Zikirukaruka bila mpango, shuku vidonge na mtutu. Zikishuka polepole kutoka cha kwanza hadi cha kumi, regulata haijazi kwa wakati, au unatumia kaboni dioksaidi inayopoa kadiri unavyopiga. Ile ya kwanza baada ya kupumzika ikiwa tofauti na zote, huku nyingine zikiwa pamoja, tazama oringi (pete za mpira za kuziba hewa) zilizokauka au regulata inayovujisha polepole. Na moja ikianguka sana kati ya tisa zilizo sawa, angalia vishikizi. Mtutu mpya hautatibu matatu haya ya mwisho, na ni huzuni kuona mtu ananunua seti nzima ilhali alihitaji tone la mafuta ya oringi.

Ununue ngapi

Mtutu wa kipande kimoja una kipenyo kimoja, basi. Ukichagua huo, chukua wa 0.680 au 0.682, ambao utabana vidonge vingi vya kawaida bila kuvikaba. Mtutu wa vipande viwili, wenye nusu ya nyuma iliyopimwa na ncha pana zaidi, ndio ninaoupenda: kidonge hupata kasi yake ndani ya sehemu ya nyuma, na ncha pana haikiongezei msuguano. Nusu za nyuma mbili zinatosha wengi, moja karibu na 0.680 na nyingine karibu na 0.686 kwa siku za baridi au vidonge vikavu. Mfumo wa mabomba ya ndani una nafuu yake, kwani bomba moja ni jepesi kuliko nusu nzima ya mtutu, lakini huhitaji kununua ngazi zote nane ili kunufaika.

Kama unachezea viwanja visivyoruhusu vidonge vya nje, chaguo la kidonge limeshafanywa na mwingine, na hapo nusu mbili za nyuma zina thamani kuliko popote, maana mtutu ndio kitu pekee ulichobaki nacho cha kurekebisha. Kwa bunduki za inchi 0.50 kanuni haibadiliki, isipokuwa vipenyo vinavyopatikana ni vichache, kwa hiyo pima vidonge kwanza kisha ndipo utafute mtutu. Na ukitumia vidonge vya plastiki ngumu vyenye mapezi, yote niliyosema juu ya kubana yaache kando: ganda hilo halifinyiki kama jelatini, kwa hiyo kwao mtutu wa saizi sawa au mpana kidogo, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, ndio unaofaa.